Somo la Ufundi: Kufunga Vifaa vya Kuoshea Kioo cha Mbele katika Land Rover ya Zamani



Katika masomo yetu ya ufundi tumezoea kuanza na injini, kwa sababu injini ndiyo inayoleta ugomvi gari likikataa kuwaka. Safari hii tunashika kitu kidogo ambacho wenye magari wengi hukiona kuwa ni urembo tu: maji ya kuoshea kioo cha mbele. Tumekichagua kwa sababu ya jambo lililotokea katika barabara itokayo Misiera, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenda Mbarara, na kwa sababu baada ya jambo hilo tuliletewa gari lenyewe tulifanyie kazi.

Gari lilikuwa Land Rover Series IIA ya mwaka 1965, la petroli, linalobeba mahindi, maharage na abiria. Kioo chake kilikuwa kizima na waipa zilifanya kazi, lakini kifaa cha kurusha maji hakikuwapo. Kazi hiyo ilikuwa ya tanboi. Kila kioo kilipochafuka, kijana alifungua mlango, akatoa nusu ya mwili nje, akashika nguzo ya kioo kwa mkono mmoja na kumwaga maji ya chupa kwa mkono mwingine, dereva akipunguza mwendo bila kusimama. Hakuna aliyemwamuru siku ile. Ilikuwa desturi. Gurudumu likaingia katika shimo, kijana akaanguka, mkono ukavunjika mahali pawili. Mwenye gari alipoelezwa aliuliza swali moja tu: nani alimwambia atoke nje?

Swali hilo tutalirudia mwishoni. Kwanza ufundi.

Wasomaji wa mijini huenda wakashangaa kwamba gari zima liliuzwa bila kifaa hiki. Si ajabu. Waipa zenyewe zilipata hataza ya Mary Anderson wa Alabama, Marekani, mwaka 1903, lakini kifaa cha kurusha maji kilikuja baadaye sana na kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa nyongeza ya anasa. Marekani iliyalazimisha magari mapya ya abiria kuwa nacho kuanzia mwaka 1968. Kwa hiyo fundi akipokea gari lililotengenezwa kabla ya hapo, asidhani kwamba vifaa vimeibiwa. Mara nyingi havikuwapo tangu kiwandani, na tundu la kuvifungia halipo. Atalitoboa yeye.

Kwa nini waipa peke yake haitoshi? Kwa sababu ya vumbi letu. Makazi ya Nakivale yako katika ukanda mkavu wa wafugaji wa Ankole. Kati ya mwezi wa sita na wa nane barabara ya moramu huwa unga mwekundu. Unga huo si udongo laini mtupu. Ndani yake mna chembe za mchanga wa kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo. Ukiwasha waipa juu ya kioo kikavu, raba inazikamata chembe hizo na kuzisugua huku na huko kama msasa. Safari moja haionyeshi kitu. Baada ya misimu miwili mitatu unaona upinde wa mikwaruzo myembamba mbele ya dereva.

Mikwaruzo hiyo mchana wa mawingu haina neno. Jua likiwa usoni, kioo chote huwaka kama bati jipya. Dereva anayeondoka Misiera alfajiri kwenda Mbarara ana jua mgongoni, naye husema kioo chake ni kizuri. Mwulize anaporudi na mzigo saa mbili asubuhi akielekea mashariki. Wakati huo watoto wako njiani kwenda shule na akina mama wana madumu ya maji, nao wanatembea pembezoni mwa barabara ileile.

Msimu wa mvua una hatari nyingine. Lori linakupita, tope linapiga kioo, waipa inalisambaza, na sasa huoni kabisa. Fanya hesabu hii pamoja na wenzako. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linapita mita 11 kila sekunde. Ukihitaji sekunde 5 za kutoa kichwa dirishani au kumwita tanboi, umekwenda mita 55 kama kipofu. Kwa kilomita 60 kwa saa ni zaidi ya mita 80. Kifaa tunachokizungumzia hurusha maji katika sekunde moja, na dereva hatoi mikono yote miwili kwenye usukani.

Sasa tuchague vifaa. Viko vya namna tatu katika magari ya zamani, na kila fundi yafaa avijue vyote kwa sababu atakutana navyo.

Cha kwanza ni pampu ya mkono. Ni kitufe kikubwa kwenye dashibodi chenye pistoni au mpira nyuma yake. Ukikibonyeza kinasukuma maji, ukikiachia kinavuta mengine kutoka tangini. Hakina waya wala fyuzi. Kama gari lako lina dainamo ya zamani na betri iliyochoka, na ukabahatika kupata pampu hii nzima, ichukue bila kuuliza mara mbili. Udhaifu wake ni raba ya ndani, ambayo hukauka na kupasuka.

Cha pili ni cha Volkswagen ya mgongo wa kobe, nacho hutuchekesha kila tunapokieleza darasani. Tairi ya akiba ya gari lile hukaa mbele chini ya boneti, na mafundi wa Ujerumani wakaona upepo wake usikae bure. Mpira mwembamba unatoka kwenye vali ya tairi ya akiba hadi kwenye tangi la maji, upepo unayasukuma maji, na swichi ni bomba dogo tu la kufungulia. Ipo vali inayokata upepo kabla tairi haijalegea kabisa, ili usikute tairi ya akiba imekufa kwa sababu ya kuosha kioo. Ndiyo maana tairi hiyo hujazwa upepo mwingi kupita zile nne. Tanboi asiyejua jambo hili huidhania tairi ina pancha, kumbe dereva alikuwa anaosha vumbi.

Cha tatu ni pampu ya umeme, nayo ndiyo tuliyoifunga. Si kwa sababu ni bora kuliko zote, bali ndiyo inayopatikana. Katika kila kundi la magari yaliyokufa, Mbarara au penginepo, utakuta Toyota yenye tangi la plastiki na pampu yake ndogo imechomekwa chini. Mwenye gari alitaka tutafute vifaa asilia kutoka Uingereza. Tulimwambia kwamba Land Rover lake linafanya kazi, halikai kwenye maonyesho, na kijana mwingine alikuwa tayari amekwisha pewa chupa ya maji.

Pampu kuukuu ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Iweke tangi lake katika beseni, tia maji, gusisha nyaya mbili kwenye betri ya volti 12 kwa sekunde mbili tu. Itavuma na kurusha maji kwa nguvu. Ikivuma bila kurusha, badilisha nyaya, kwa sababu pampu za namna hii zina kipangaboi ndani, na kikizunguka kinyume maji hutoka kwa unyonge. Iliyo kimya kabisa iache dukani. Usiizungushe pampu bila maji, maana maji ndiyo yanayoipoza na kulainisha mihimili yake. Tangi nalo lijaze, likaushe nje kwa kitambaa, liweke juu ya karatasi kwa robo saa. Ufa mdogo unaonekana kwenye karatasi kabla haujaonekana kwa macho.

Pete ya mpira inayozuia maji kati ya pampu na tangi huwa imekauka kama gome. Nunua mpya ikiwezekana. Unapoichomeka pampu, paka maji ya sabuni. Tumeona mafundi wakipaka oili au grisi, na mpira ule baada ya wiki chache unavimba, unalegea, na tangi linaanza kulia machozi.

Mahali pa kuweka tangi pana masharti matatu. Lisiwe karibu na bomba la moshi la injini, maana plastiki italainika. Lisiwe juu ya betri wala juu ya distribyuta, kwa sababu siku moja litavuja. Na usawa wa maji uwe chini ya vinyunyizio. Tangi likiwa juu ya vinyunyizio, maji yatajitelekeza yenyewe kwa mteremko, na utaegesha gari jioni likiwa limejaa na kulikuta asubuhi tupu. Likiwa chini sana nalo, maji huchelewa kufika. Dawa ya kuchelewa ni vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi, inayowekwa katikati ya mpira. Ina mshale kwenye mgongo wake. Mshale uelekee kwenye kioo.

Pampu yenyewe iwe mahali pa chini kuliko pote, chini ya maji. Pampu ya Toyota husukuma tu, haina nguvu ya kuvuta maji kutoka chini.

Tulitengeneza kishikizo kwa kipande cha bati nene la chuma na kukifunga ndani ya mabawa ya mbele. Hapa mafundi waliozoea magari ya Japani wasikilize vizuri. Mabawa ya Land Rover, boneti na milango yake si chuma, ni aloi ya alumini. Ukikandamiza chuma kitupu juu ya alumini, kisha maji na chumvi ya udongo vikaingia katikati, alumini inaliwa na kugeuka unga mweupe. Kwa hiyo paka rangi kishikizo, weka kipande cha raba ya tyubu kati ya metali hizo mbili, na chini ya kila nati weka washa.

Lakini bamba linalotenganisha injini na chumba cha dereva ni la chuma, na kutu ndiyo adui yake mkubwa. Ndipo tulipotoboa. Wengine hufunga vinyunyizio kwenye boneti. Sisi tulikataa, kwa sababu gari hili hubeba tairi ya akiba juu ya boneti, na kila anayeishusha na kuipandisha angevivunja. Tuliweka kinyunyizio kimoja chenye midomo miwili katikati, chini ya kioo, baina ya vile vidirisha viwili vya kupitishia hewa. Kioo cha Land Rover hii ni vipande viwili bapa vilivyosimama karibu wima, na mdomo mmoja hulisha kushoto, mwingine kulia.

Kabla ya kutoboa ingiza kichwa chini ya dashibodi uone kuna nini nyuma ya mahali hapo. Nyaya za waipa zinapita jirani. Piga alama kwa sentapanchi ili keekee isiteleze, anza na tundu dogo la milimita 3, kisha panua hadi shingo ya kinyunyizio iingie bila kulazimishwa. Sawazisha kingo kwa tupa, futa vumbi la chuma lote, paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu na kuizunguka, uiache ikauke. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii. Mwaka wa pili tundu lake limekuwa jani lililoliwa na panzi, na bamba lile ni kazi ya kuchomelea siku nzima.

Mpira wa maji wenye upenyo wa ndani wa milimita 4 unatosha. Uloweke ncha yake katika maji ya moto, utalainika na kuvaa shingo ya pampu. Upitishe mbali na moto, usiukunje ghafla, na panapopita kwenye bamba weka pete ya mpira ili ukingo wa bati usiukate.

Hapa tuna neno la kusema waziwazi. Wapo mafundi wanaotumia mipira ya dripu iliyotupwa na zahanati. Tunajua kwa nini: inapatikana bure na inaingia vizuri. Msiitumie. Mpira uliokwisha kuingia mwilini mwa mgonjwa una damu, na wewe unaupuliza kwa mdomo ili kuona kama umeziba. Zaidi ya hayo haukutengenezwa kustahimili joto la injini. Mita moja na nusu ya mpira halali haiwezi kumfilisi mwenye gari.

Tufike kwenye umeme, ambao ndio unaowachanganya wengi katika magari haya.

Magari mengi ya Kiingereza ya nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, pamoja na Land Rover letu, yalifungwa chanya kwenye bodi. Yaani waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye bodi umefungwa kwenye nguzo ya chanya, na umeme unaogawiwa kwenye taa na vifaa ni wa upande wa hasi. Magari tuliyoyazoea leo ni kinyume chake. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, kwa sababu fundi mwingine huenda amekwisha geuza. Fungua boneti, fuata waya wa bodi kwa kidole hadi kwenye betri, soma alama. Alama zikifutika, nguzo nene ndiyo chanya.

Habari njema ni kwamba pampu ya Toyota ina ganda la plastiki na nyaya zake zote mbili hazigusi bodi. Kwa hiyo inakubali gari la namna yoyote, mradi chanya yake ipate chanya. Redio haisamehe namna hiyo. Itaungua.

Ondoa kwanza waya wa bodi kwenye betri. Katika magari yaliyofungwa nyaya za Lucas, waya wa kijani ni ule uliopita kwenye fyuzi na kupata umeme ufunguo unapowashwa. Mweupe hupata umeme wa ufunguo bila fyuzi, wa kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri, mweusi ni wa bodi. Nyaya za gari lenye miaka 60 zimebadilishwa mara nyingi, hivyo thibitisha kwa taa ya kupimia, rangi ikupe fununu tu.

Tulichukua umeme kwenye kijani, tukauongezea fyuzi ndogo ya peke yake ya ampea 7.5, kwa sababu fyuzi ya asili ya gari hili ni kubwa mno kulinda waya mwembamba. Kutoka hapo tukaenda kwenye swichi ya kubonyeza, ile inayokata yenyewe ukiondoa kidole. Msifunge swichi ya kuwasha na kuacha, mtasahau na pampu itazunguka kavu hadi ife. Kutoka kwenye swichi waya wa milimita mraba 1.5 ukaenda kwenye ncha ya hasi ya pampu, na ncha ya chanya tukaifunga kwenye bodi. Katika gari la hasi kwenye bodi ncha hizi mbili hugeuzwa, mengine yote ni yaleyale.

Waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'are, kisha upakwe grisi kidogo juu. Sisi tuliufunga kwenye bamba la chuma wala hatukuuamini ule mrundikano wa mabawa ya alumini na skrubu zenye kutu. Nusu ya hitilafu za umeme tunazoletewa ni za bodi mbovu.

Sasa tia maji, washa ufunguo, bonyeza. Mara ya kwanza subiri sekunde tatu nne hewa itoke kwenye mpira. Elekeza midomo kwa pini nyembamba, maji yapige juu kidogo ya katikati ya eneo linalofagiliwa na waipa. Baadhi ya vitabu husema yapige juu zaidi kwa sababu upepo utayashusha. Hiyo ni kwa magari ya kasi yenye kioo cha kulala. Kioo cha Land Rover kimesimama, na barabara ya Misiera haikupi kasi hiyo.

Mfundishe dereva utaratibu: maji kwanza, sekunde mbili, kisha waipa. Akianza na waipa amerudia kosa lilelile la msasa.

Hitilafu zitakazorudi ni chache. Pampu ikivuma na maji hayatoki, kwanza angalia kama yamo, kisha chomoa mpira kwenye kinyunyizio ubonyeze tena. Yakitoka kwenye mpira, mdomo umeziba. Uzibue kwa uzi mmoja wa waya uliofunuliwa, au kwa upepo ukipuliza kutoka nje kwenda ndani. Usitumie sindano nene, kwa kuwa itapanua tundu na maji yatamwagika badala ya kuruka. Pampu ikiwa kimya, pima fyuzi, swichi na bodi kabla ya kuilaumu.

Kuziba huletwa na maji. Maji yanayochotwa Ziwa Nakivale bila kusafishwa yana kuvu na ukijani utakaoota ndani ya tangi. Tumia maji ya mvua, au yaliyochemka, uyachuje kwa kitambaa safi. Tunajua thamani ya maji katika makazi haya na hatutaki mtu achukue dumu la jikoni. Lita moja na nusu inatosha safari kadhaa za Mbarara kama dereva hachezi na kitufe.

Sabuni ya unga msitie. Inaganda midomoni na kuharibu raba. Maji ya rangi ya rejeta pia msitie, kwa sababu yanaacha utando kwenye kioo na ni sumu. Huku kwetu hakuna barafu ya kuogopa. Ukipata maji maalumu ya kuoshea vioo dukani, tia kidogo kama chupa inavyoelekeza. Faida yake si usafi tu. Mwaka 2010 wataalamu wa afya wa Uingereza walieleza kwamba madereva waliotumia maji matupu katika kifaa hiki walikuwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa Legionnaires, ambao ni homa ya mapafu inayoletwa na bakteria wanaoishi katika maji yaliyotuama yenye uvuguvugu. Tangi chini ya boneti lina uvuguvugu wa kutosha. Anayevuta hewa yenye matone hayo siku nzima ni dereva. Kwa hiyo lioshwe na maji yabadilishwe, yasikae mwezi mzima.

Jambo moja zaidi juu ya maji hayo ya dukani. Mengine, hasa yaliyotengenezwa kwa nchi za baridi, yana methanoli, na methanoli huua au hupofusha. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi: mwezi wa nne mwaka 2010, Kabale, makumi ya watu walikufa kwa kunywa waragi iliyochanganywa nayo. Chupa ya kuongezea maji ya kioo isiwe chupa ya soda, na isikae chini ya kiti karibu na maji ya kunywa ya tanboi. Iandikwe kwa lugha zote zinazosemwa garini, na ichorwe fuvu kwa asiyesoma.

Kazi yote ilituchukua siku moja na asubuhi ya pili, kwa sababu ya kungoja rangi ikauke. Vifaa vyote pamoja havikufikia bei ya tairi moja. Gari lilirudi barabarani, na sasa tanboi anakaa ndani.

Tunarudi kwenye swali la mwenye gari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa inayomkabili, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu mtu aliyeumia akiwa kazini. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kuajiriwa, kwa hiyo mtu asiambiwe kwamba kwa kuwa yeye ni mkimbizi mambo haya hayamhusu. Lakini kijana wetu hakuwa na karatasi yoyote. Alilipwa jioni kwa mkono wa dereva, kutoka katika fedha za siku, na mwenye gari akasema hamjui.

Vikundi vya mafunzo vya matawi vijadili maswali haya na kutuletea majibu kwa maandishi kabla ya toleo lijalo. Kwanza: katika magari yanayotoka tawi lenu kwenda Mbarara, mangapi hayana kifaa cha kuoshea kioo, na matanboi wanafanyaje? Pili: dereva akikataa kuondoka kwa sababu haoni vizuri, ni nani atakayebeba hasara ya siku hiyo, na tawi litamsaidia vipi? Tatu: tanboi anayelipwa na dereva kila jioni, bila mkataba, mwajiri wake ni nani, dereva au mwenye gari?

Tawi la Misiera limekwisha jibu swali la tatu, na madereva na matanboi wake hawakukubaliana. Tutachapa majibu yote mawili.